Reli Nyembamba za Los Angeles

Baba yangu alikuwa katika gengi la reli pale Voi. Kila asubuhi alipita njiani na chuma chake cha kupimia, kuhakikisha kati ya reli na reli mna mita moja kamili. Ndiyo maana nilipofika Los Angeles kusoma, mwaka 1960, macho yangu yalikwenda kwenye reli za mitaani kabla ya maghorofa.

Jiji lile lilikuwa na njia mbili za umeme zisizopatana kwa upana. Treni nyekundu za Pacific Electric, zilizokwenda mbali hadi Long Beach, zilipita kwenye reli za milimita 1,435. Tramu za njano za mjini zilitumia milimita 1,067. Tajiri Henry Huntington aliwahi kuzimiliki zote mbili, ila ile ya mjini aliinunua mwaka 1898 ikiwa tayari nyembamba. Wenyeji walinieleza kwamba barabara ya Main ililazwa reli tatu, moja ikitumiwa na wote, ili magari ya aina zote mbili yapite.

Nilikuwa nikipanda laini P, iliyopita barabara ya Pico. Siku moja, tramu ilipokwisha kupita, niliinama na futi ya fundi cherehani nikapima kama baba, kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa nyingine. Chuma kilikuwa bado cha moto.

Treni nyekundu ya mwisho iliondoka tarehe 9 Aprili 1961. Tramu zikafuata tarehe 31 Machi 1963. Mabasi yakachukua nafasi zao, na magari ya watu binafsi yakajaza barabara zote. Nilihuzunika kama aliyefiwa.

Mwaka 1990 treni za umeme zilirudi Long Beach, sehemu kubwa zikifuata njia ileile ya zamani, kwa upana uleule wa 1,435. Reli nyembamba za mjini hazikurudi.

Nayakumbuka hayo kila nisikiapo habari za Naivasha, ambako mizigo ya Uganda hushushwa kutoka reli ya kisasa, ya 1,435, ikapakiwa upya kwenye ile ya mita moja aliyoilinda baba. Wanaopanga reli za Afrika Mashariki wakubaliane kipimo kimoja kabla ya kulaza taruma la kwanza, kwa kuwa gharama ya kutokubaliana hulipwa na wajukuu.