Ifuate Stima Tangu Ukutani

Ufundi wa kompyuta niliuanzia Lodwar, Turkana, katika kibanda cha mabati karibu na soko, chini ya fundi wa redio aliyeanza kupokea kompyuta kwa sababu watu walimletea tu. Wakati huo Lodwar haikuwa kwenye gridi ya taifa. Stima ilizalishwa papo hapo kwa jenereta za dizeli. Ilipopotea na kurudi kwa nguvu, kesho yake wateja walijipanga mlangoni. Fundi huyo alinipa kanuni moja: kompyuta ikikataa kuwaka, usiihukumu, ifuate stima tangu ukutani.

Kanuni hiyo imenilisha. Unapima soketi, kisha waya, kisha pawasaplai, ambayo sharti itoe volti 12, 5 na 3.3. Ndipo uingie kwenye ubao mkuu, yaani bodi, na memori, na mwisho diski. Anayeruka hatua hununua kipuri kisichohitajika, na kipuri cha Turkana husafiri kutoka Nairobi au Eldoret kwa gharama ya mtu ambaye pengine ameuza mbuzi ili alipe.

Vumbi nalo ni adui. Feni huvuta hewa ya moto yenye mchanga laini, mapezi ya bati la kupozea prosesa yakaziba, mashine ikajizima ili isiungue. Kompyuta nyingi zilizoletwa kwetu kama maiti zilihitaji brashi na pampu ya upepo pekee.

Baadaye nilihamia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kilomita kama 120 kaskazini-magharibi. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na baadaye ikapokea Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Sokoni, wenye jenereta walivuta nyaya kutoka duka hadi duka, na volti zilishuka kila watu walipowasha vyombo vyao jioni. Kompyuta nyingi za mezani zilikuwa za msaada, zimeshatumika miaka mingi ng'ambo.

Siku moja mwalimu wa kwaya, Mkongomani, aliniletea yake. "Fundi, munisaidie. Nyimbo zetu zote ziko mule ndani." Feni ilizunguka, ila kioo kilibaki cheusi na spika ndogo ya ndani ikapiga mlio uleule tena na tena. Nilitoa diski kwanza, nikaiweka pembeni salama. Pawasaplai ilikuwa nzima. Nilichomoa waya, nikabonyeza kiwasho ili umeme uliobaki uishe, nikatoa memori na kusugua miguu yake ya shaba kwa raba ya penseli. Nilirudisha kipande kimoja tu. Mlio ukanyamaza, picha ikatokea, kisha mashine ikazima.

Karibu na prosesa niliona kapasita zimevimba vichwa, ugonjwa uliozikumba bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu ya kimiminika kibovu ndani ya kapasita. Nilichomoa nyingine kutoka bodi iliyokufa, zenye uwezo uleule na volti zisizopungua, nikazichomelea nikizingatia upande wa hasi. Sasa ikawaka bila kuzima. Nikairudisha diski, lakini Windows ikagoma. Betri ndogo ya saa, CR2032, ambayo ikiwa mpya hutoa volti 3, ilikuwa imekwisha. Kila stima ilipokatika, mpangilio wa diski ulirudi ule wa kiwandani. Nikaweka betri mpya, nikarekebisha mpangilio, na faili za kwaya zikafunguka zote.

Vijana ninaowafundisha leo, Waturkana na wakimbizi, hawagusi bisibisi kabla ya kumuuliza mwenye mashine: ndani mna nini? Jibu huwa ni hesabu za duka, barua za maombi ya kazi, picha za marehemu, masomo ya darasa zima. Kompyuta kuukuu inaweza kuwa haina bei sokoni, lakini kazi ya watu iliyomo haina duka la kuiuza tena. Fundi anayelijua hilo hupima kila hatua, na hatangazi kifo kabla hajafika mwisho wa njia ya stima.