Karani Aliyenyamaza

Mjomba wangu alipata riziki ya ujana wake barazani pa posta ya Tanga, akiwaandikia barua kwa ujira wakataji mkonge waliotoka nchi za mbali na wasiojua kalamu, na katika kazi hiyo alijichumia sifa iliyomfuata hata uzeeni: kwamba hakupata kamwe kutia katika barua ya mtu neno ambalo mwenyewe hakulitamka. Kwa sababu hiyo, maradhi ya mtoto wa jicho yalipompunguzia nuru, hata mistari ya daftari ikawa mbele yake kama ukungu wa alfajiri, kilichomchoma moyo kupita yote ni kuwa yeye aliyewaandikia watu siri na salamu zao miaka ayami sasa hakuwa na wa kumwandikia zake.

Mimi wakati huo nilikuwa fundi wa programu za simu, kijana mwenye ujuzi wa kiasi na majivuno yaliyopita kiasi. Ilipofika Agosti 2017, Google ilipoongeza lugha 30 katika huduma yake ya kuandika kwa sauti, Kiswahili na Kiamhari zikiwa miongoni mwao, niliona mlango umefunguka, nikamwahidi mjomba programu ambayo haingemtaka jambo ila kubonyeza kitufe kimoja kikubwa na kusema. Maneno yake yangesafiri kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za mbali, na kurudi yakiwa maandishi ya herufi nene ambazo hata jicho lake lingeweza kuzipapasa. Programu hiyo nikaiita Karani, kwa heshima ya kazi yake ya kale.

Nilimpelekea siku ya Ijumaa baada ya sala, tukaketi kibarazani kwake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Haya, yuko wapi huyo karani?"

Akaishika simu, akabonyeza, akasema "Bismillahi", na kabla hajaongeza neno la pili programu ikajifunga. Akarudia mara tatu, ikajifunga mara tatu. "Mpwa wangu," akasema kwa upole, "karani wako akiniona anakimbia. Mshahara wake unamlipa?"

Usiku ule niliunganisha simu yake na kompyuta kwa waya, nikalifungua daftari ambamo simu huandika kila tukio lake, ambalo sisi mafundi tunaliita logi. Mwenye kulisoma mara ya kwanza hutishika, kwani programu moja ikianguka huacha mistari mingi nyuma yake, na mingi ya hiyo hutaja viungo vya ndani vya simu asivyovijua. Lakini aliyezoea hushuka nayo taratibu mpaka autambue mstari wa kwanza wenye jina la faili aliloliandika mwenyewe, na aghalabu taksiri yake humngoja hapo. Yangu iliningoja hapo. Huduma ya kutambua sauti katika simu za Android haielezi makosa yake kwa maneno, huyapa nambari: la 6 ni kwamba msemaji hakusema kitu, la 7 kwamba alisema lakini halikupatikana neno linalolingana, la 8 kwamba huduma imeshughulika, na la 9 kwamba programu haina idhini ya kutumia kipaza sauti. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, idhini hiyo huombwa kwa mwenye simu wakati programu inatumika, wala haipatikani tena kwa kule kuiweka tu simuni. Nami katika simu yangu nilikuwa nimeitoa kwa mkono zamani, nikasahau kabisa kuandika ombi lenyewe. Zaidi ya hayo, jedwali langu la kufasiri makosa kwa Kiswahili lilikomea kwenye la 8, kwa kuwa la 9 sikupata kukutana nalo. Karani alipopewa nambari 9 aliutafuta mstari usiokuwapo, akaanguka. Yaani alikufa akijaribu kueleza udhuru wake.

Anguko la pili lilinitaabisha zaidi, kwa sababu mikononi mwangu halikutokea hata mara moja, na kosa ambalo fundi hawezi kulirudia mbele ya macho yake ni kama homa inayopoa kila mganga anapoingia. Nilisoma logi, nikabadili hiki na kile, nikamrudishia simu, na kila jioni akanipa jibu lile lile: amekimbia. Mwisho nilikwenda kuketi naye asubuhi nzima, bila ya kompyuta, nikamtazama. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, basi alikuwa akibonyeza kitufe, kisha akiilaza simu kwa ubavu na kuiegemeza kwenye kopo la sukari ili aseme kwa raha. Simu ya Android ikigeuzwa ubavu huibomoa skrini iliyokuwapo na kujenga nyingine kwa umbo jipya, isipokuwa imeagizwa vinginevyo. Maneno ya mjomba yalipokuwa yakirudi kutoka mbali yalikuta nyumba yalikotumwa imekwisha bomolewa, na programu ikaanguka pamoja nayo. Mimi nilikuwa nimeijaribu miezi mitatu, simu i wima kiganjani, na kopo la sukari halikunijia akilini.

Hapo ningalijifunza kuketi na watu, lakini aibu ilinifundisha jambo jingine. Lugha za kuandikia programu humruhusu fundi kutandika wavu chini ya kila kipande cha kazi, ili kosa likitokea lidakwe kabla ya kuiangusha programu nzima, na ndani ya wavu huo fundi mwenye busara huandika la kufanya. Nami nilitandika nyavu kila mahali, na ndani yake sikuandika kitu. Tokea siku ile Karani hakuanguka tena. Mjomba alinisifu mbele ya jamaa, nami nikazipokea sifa hizo kama haki yangu.

Usiku mmoja alikusudia kusimulia maisha ya baba yao, ambaye ni babu yangu: jahazi alilofanyia kazi, njaa aliyoiona, na namna alivyomwoa bibi. Alisema kwa nusu saa, na taa nyekundu ya Karani ikiwaka muda wote kuonyesha kwamba anasikiliza. Asubuhi nilipofungua nikakuta mistari minne. Intaneti ilikatika mapema, huduma ikatoa kosa la 2, kosa likaanguka wavuni kimya, na mimi sikuwa nimeandika mahali popote kwamba taa izimwe, wala kwamba mzee aambiwe. Nilimsomea ile minne, nikanyamaza. Akaniuliza iko wapi iliyobaki, nikamweleza kweli yote.

Hakughadhibika. "Nilipokuwa posta," akasema, "mtu akinitajia jina nisilolisikia humwambia arudie. Na nikiligundua pengo akiwa amekwisha kwenda zake, naliacha wazi, natia alama, ili asomaye ajue kuwa hapo palikuwa na neno. Huyu wako hakusikia, akanyamaza, naye kalamu kaishika. Heri alipokuwa akikimbia. Nilijua kwamba hayupo."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utotoni bila kudhani kwamba inaihusu kazi yangu. Niliziondoa nyavu moja moja. Kosa nililolijua dawa yake, kama intaneti kukatika, nililipa dawa: taa izime, kengele ilie, na katika maandishi ibaki alama ya pengo yenye saa na dakika. Kosa nisilolijua niliacha liiangushe programu, ila kwanza kila sentensi iliyokamilika iwe imekwisha hifadhiwa, na habari za anguko ziandikwe katika faili nitakayoweza kuisoma. Mwezi uliofuata Karani alianguka mara nyingi kuliko wakati wowote uliotangulia, na sijapata kufanya kazi kwa utulivu kama mwezi ule, kwa kuwa kila anguko lilikuja na sababu yake mkononi.

Septemba 2022 ilipotoka Whisper, mashine ya OpenAI iliyofunzwa kwa saa 680,000 za sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na kutolewa wazi kwa yeyote kuichukua, nilianza kuijaribu katika simu yenyewe, ili mjomba asitegemee intaneti tena. Toleo dogo lililoweza kuenea simuni lilikuwa dhaifu katika Kiswahili, na hilo nililitarajia; nisilolitarajia ni kwamba kila hadithi ndefu ilikatika karibu na mahali pamoja. Safari hii sikubahatisha. Mashine hiyo hupokea sauti kwa vipimo 16,000 kila sekunde, nami kila kipimo nilikihifadhi kwa baiti 4, ambazo ni baiti 64,000 kwa sekunde na zaidi ya milioni 115 kwa nusu saa. Na sauti iliyokwisha geuzwa maandishi nilikuwa siitupi. Karani alikuwa akibebeshwa mzigo juu ya mzigo hata mgongo ukavunjika. Ulikuwa upungufu wa mistari miwili ya maandishi, na ulirekebishwa jioni moja. Wala mjomba hakupoteza kitu, maana kila alipoangukiwa alikuta maneno yake yamefika hadi sentensi ya mwisho, na chini yake alama.

Hadithi ya babu aliisimulia upya, na tulipokwisha kuisahihisha niliichapa nikamfungia kwa uzi kitabu chembamba. Kabla ya kuchapa nilitaka kuziondoa alama za mapengo zilizosalia, na kuyajaza kwa maneno yaliyofaa, ili kurasa zisomeke bila kukatika. Nilimsomea pengo moja, la jioni ambayo mvua ya masika ilipiga bati hata Karani asisikie chochote kwa dakika mbili, nikamwuliza alikuwa akisema nini. Akafikiri muda mrefu. "Sikumbuki," akasema. "Iache alama. Andika na mvua."