Moyo wa Baba Mdogo

Kwa miezi minane baba yangu mdogo, mkazi wa Shirimatunda, alimeza dawa za vidonda vya tumbo. Kila alipoharakisha kuwahi daladala kifua kilimbana, akisimama, kilimwachia. Kipimo cha umeme wa moyo alifanyiwa mara mbili akiwa amelala kwa utulivu, na mara zote mbili akaambiwa moyo ni mzima. Simlaumu daktari peke yake. Mimi mwenye shahada ya uzamivu nilimshauri aache maharage.

Leo najua kwamba mshipa unaolisha moyo waweza kusinyaa kwa zaidi ya nusu na kipimo kile kikatoka safi. Njia ya zamani ya kuuona ni kupitisha mrija mwembamba mkononi au pajani hadi moyoni. Ni njia njema panapohitajika kuzibua, lakini ina hatari zake, nayo haifai kuwa swali la kwanza. Kipimo cha CT cha mishipa ya moyo huhitaji sindano moja ya dawa na picha za sekunde chache. Huko Scotland, utafiti wa SCOT-HEART ulifuatilia wagonjwa 4,146 wenye maumivu ya kifua. Baada ya miaka 5, waliokufa kwa ugonjwa huo au kupata shambulio la moyo walikuwa asilimia 2.3 kati ya waliopigwa picha, na 3.9 kati ya waliopata huduma ya kawaida pekee. Picha haikumponya mtu; iliwawezesha madaktari kutoa dawa sahihi mapema.

Sisi picha tuliifuata Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500. Tuliuza ng'ombe wa maziwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na tumebishana sana kuhusu michango. Kipimo gani kitalipiwa, na wapi, tumeuliza kwa nadra. Viongozi wetu hupenda kuzindua mashine. Utepe ukishakatwa, nani anauliza kama yupo mtaalamu wa kusoma picha ya kiungo kisichotulia hata nukta moja?

Baba mdogo sasa anatumia aspirini na dawa ya kushusha lehemu. Daladala huisubiri ameketi. Maharage amerudia kula, na kila nikienda hunipakulia mengi makusudi.