Kilatini Kimetufikisha kwa Babu

Kilatini tulifundishwa seminarini kwa ajili ya Misa, si kwa kutafuta babu. Sikuzote baba alituambia ukoo wetu ni wa hapa Masisi. Padri alipotufungulia kitabu cha ubatizo, jina la babu lilikuwa limeandikwa kwa sikio la Mzungu, hata tulilipita mara mbili. Natus, amezaliwa: kilima cha Rwanda! Kumbe alikuja na wale waliohamishiwa huku na serikali ya Wabelgiji, tangu 1937 hata 1955. Pembeni imeandikwa ndoa yake. Jina la bibi lilitushinda, mpaka mzee mmoja wa Walikale akalitamka sawasawa kwa Kinyanga. Sasa anatufundisha lugha hiyo, maneno machache kila juma. Baba ametuomba tusiwaonyeshe jirani nakala ile, maana shamba letu lina ugomvi. Hatujamjibu.