Anayegeuza Ukurasa

Wapiga fidla huketi wawili wawili, stendi moja, nota zile zile. Ukurasa ukiisha, aliyekaa upande wa ndani huacha kupiga, akaugeuza, mwenzake akiendelea. Shuleni kwetu Eldoret, kwa miaka miwili, mgeuzaji nilikuwa mimi.

Nilikumbuka hilo juzi nikitazama rekodi ya West-Eastern Divan wakipiga Simfonia ya Tano ya Beethoven mjini Ramallah, Agosti 2005. Okestra hiyo ilianzishwa mwaka 1999 mjini Weimar, Ujerumani, na Daniel Barenboim, Muisraeli mzaliwa wa Argentina, pamoja na Edward Said, Mpalestina. Waliwaketisha vijana wa Kiisraeli na wa Kiarabu pamoja, kilomita chache tu kutoka Buchenwald. Ili waingie Ramallah, wanamuziki walipewa pasipoti za kidiplomasia za Uhispania. Said hakuiona siku hiyo, alifariki 2003.

Macho yangu yalikwama kwenye stendi. Nani anamgeuzia nani?

Ule msemo kwamba muziki huunganisha watu huniudhi, niseme kweli. Barenboim mwenyewe hakupenda kuiita okestra ya amani. Kwake ilikuwa ya kupambana na kutojuana. Vijana wake walibishana, tena vikali, kisha wakarudi mazoezini kuvuta upinde upande mmoja.

Sisi hatukuwahi kubishana. Tulifunga shule, Desemba 2007 ikafika na uchaguzi wake, na kwao na kwetu hawakupigia kura mtu mmoja. Shule zilipofunguliwa hakurudi. Nyumba yao ilikuwa imechomwa. Usiku ule niliwaona watu wakipita njia ya kwao na mitungi ya petroli, na wawili kati yao niliwafahamu. Baba aliniambia nisiulize. Sikuuliza.

Mwalimu alinihamishia kiti cha nje. Nikawa nageuziwa ukurasa na mtoto wa kidato cha kwanza, aliyekuwa akichelewa kila mara, nami nikimfokea.

Penseli yake ya kuwekea alama kwenye nota ninayo hadi leo. Wiki iliyopita nilipata namba yake. Niliandika, "Bado nina penseli yako," nikafuta. Nikaandika upya, safari hii nikianza na yale majina mawili.