Taa Isiyouona Mkanda

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu hayangoji idhini ya mtu ili yatande, wala hayatawanyiki kwa kuamriwa. Hata hivyo, si kila ishara iliyo mbele ya mwanadamu ni wingu. Zipo ishara zilizowekwa kwa makubaliano, ambazo maana yake huhifadhiwa na uaminifu wa wale wanaozitumia. Mojawapo imo ndani ya Toyota Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, gari ambalo kwa miaka mingi limewabeba watalii, wagonjwa na watumishi wa umma katika barabara mbovu za Kenya.

Kwenye dashibodi ya gari hilo mna taa ndogo iliyoandikwa T-BELT. Huwaka kila baada ya kilomita 100,000, au 150,000 kwa baadhi ya matoleo, ili kumkumbusha mwenye gari kwamba wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi umewadia. Mkanda huo wa mpira wenye meno hufikisha mzunguko wa krankishafti kwenye kamshafti, ili vali zifunguke na kujifunga kwa wakati ufaao. Ukikatika injini ikiwa kazini, kamshafti husimama ilhali pistoni zingali zinapanda. Vali zilizosalia wazi hugongwa, na safari huishia papo hapo.

Kinaya ni kwamba taa hiyo haiuoni mkanda. Taa ya shinikizo la oili hupata habari zake kutoka kwenye injini yenyewe. Shinikizo likirejea, hujizima. Taa ya mkanda huhesabu kilomita tu. Mkanda mpya ukifungwa, taa itaendelea kuwaka hadi izimwe kwa mkono. Mkanda mkuukuu ukiachwa, itazimwa kwa wepesi uo huo. Katika baadhi ya magari ya miaka ya 1990, fundi huchomoa kizibo cha mpira kwenye uso wa spidomita na kubonyeza kitufe kilichojificha ndani. Katika mengine, huhamisha skrubu kutoka tundu moja hadi jingine nyuma ya spidomita hiyo. Ni kazi ya bisibisi na dakika chache, ilhali kubadilisha mkanda kunadai saa kadhaa na fedha taslimu.

Mwanafunzi wa semiotiki atakumbuka tofauti aliyoibainisha Charles Sanders Peirce (1839–1914) kati ya ishara iliyofungamana na kitu chenyewe, kama moshi na moto, na ile inayosimama juu ya mazoea na makubaliano. Taa ya oili ni moshi. Taa ya mkanda i karibu zaidi na neno, na neno huweza kusemwa na mwongo.

Hebu mfikirie dereva kijana katika gereji moja ya Maralal.

“Mzee, nizimie tu hiyo taa. Nina abiria wa Baragoi wananingoja.”

“Taa ni dakika kumi, kijana wangu. Mkanda ulibadilishwa lini?”

“Sijui. Gari nililinunua hivi majuzi.”

“Basi nikiizima, nitakuwa nimesema kwamba najua.”

Jibu la fundi huyo lina uzito. Anayeizima taa huanzisha hesabu upya, na hesabu hiyo ni ahadi ya kilomita nyingine 100,000 za kimya. Huenda dereva wa leo akaikumbuka siri hiyo na kuendesha kwa hadhari. Lakini gari litauzwa, na mnunuzi ataiona dashibodi safi na kuiamini. Atakayekwama jangwani na mgonjwa ndani ya gari hatakuwa yule aliyeomba taa izimwe.

Ndiyo maana fundi mwadilifu hufuata utaratibu: kwanza huufungua mfuniko na kubadilisha mkanda, kisha huirudisha taa kwenye sifuri, hatimaye huandika juu ya mfuniko tarehe na kilomita zilizosomwa siku hiyo. Taa itakapowaka tena, pengine mbele ya fundi mwingine na dereva mwingine, maandishi hayo yatawapa jibu ambalo kijana wa Maralal hakuwa nalo.