Siku tatu katika Pwani isiyo na bahari

Hebu niambie ukweli, msomaji. Ukisikia mtu anasema "wikiendi hii naenda Pwani", unaona nini kichwani? Mchanga mweupe, mnazi ulioinama, dafu na mrija wake, na wapenzi wawili wameshikana mikono wanakanyaga maji. Na mimi niliona hivyohivyo. Kwa miezi kumi na moja niliona hivyo kila nikifumba macho, maana mimi na mume wangu tulikuwa na kibubu cha kwenda Zanzibar kusherehekea miaka minne ya ndoa.

Halafu Oktoba mwaka jana nikakuta karatasi ndani ya gari. Mkataba wa mauziano ya kiwanja. Mahali: Visiga, Kibaha. Mnunuzi: mume wangu, peke yake. Bei: karibu chote kilichokuwa kwenye kibubu. Kibubu ambacho nusu yake, naomba nisisitize, ni jasho langu.

Sitakuchosha na kelele za usiku ule. Itoshe kusema kwamba begi langu lilikuwa limeshafungwa, na mama yangu kule Tabata ameshaambiwa atandike kitanda. Usiku kucha mume wangu alisema jambo moja tu la maana: "Kabla hujaondoka, twende ukakione. Siku tatu tu. Jumapili ukiwa bado unataka kwenda kwa mama, begi nitakubebea mwenyewe."

Nikakubali. Sio kwa mapenzi, nisikudanganye. Nilitaka kukiona hicho kilichomeza Zanzibar yangu.

Siku ya kwanza: Kibaha

Tulichukua ruhusa kazini Ijumaa moja ya Novemba. Kama wewe ni wa siku nyingi, utakumbuka safari ya Kibaha ilivyokuwa: unaingia kwenye foleni Kimara ukiwa kijana, unatoka ukiwa na mvi. Sasa kipande cha kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa kuwa njia nane. Hatukupata hata muda wa kununiana vizuri, tukawa tumefika Maili Moja.

Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na hapo ndipo kichekesho kinapoanza, kwa sababu bahari hakuna. Kuna vilima vidogo, mikorosho, na upepo ambao Dar umeshasahaulika. Wengi wetu tunapita tu tukielekea Morogoro, tunanunua embe dirishani, tunasonga mbele. Ukishuka ndiyo unajua kwamba mji huu una historia yake.

Nenda Shirika la Elimu Kibaha. Mradi ulianza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordic, na mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Tanzania. Shabaha ilikuwa maadui wale watatu tuliokaririshwa shuleni: ujinga, maradhi na umaskini. Ndiyo maana utakuta shule, mambo ya afya na mafunzo ya kilimo vimewekwa pamoja. Sekondari ya Kibaha, ile ya vijana wenye vichwa, ilianza mwaka 1965. Na kule Kwa Mfipa kuna Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa mwaka 2022 na vyama sita vilivyopigania ukombozi kusini mwa Afrika, CCM kikiwa kimojawapo.

Mchana tukaenda Visiga. Hapo moyo ulinidunda kama naenda kukutana na mke mwenza. Gari likaacha lami, likapita njia ya mchanga, likasimama. "Ndicho hiki," akasema.

Mikorosho mitatu. Kichuguu kimoja. Vigingi vinne vya saruji. Chini ya miti mabibo yalikuwa yameanguka, mekundu na ya njano, na harufu yake tamu imejaa kote. Kwa kweli palikuwa pazuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ningekuta jaa la taka ningejua la kufanya.

"Ungeniuliza," nikamwambia.

"Ungekataa."

"Labda. Lakini ungeniuliza."

Hakujibu. Aliokota bibo, akalifuta kwa shati lake, akanipa. Nikalila, si unajua tena, njaa haina hasira. Ila usiku kule gesti nililala nimeangalia ukuta.

Siku ya pili: reli tatu na tope moja

Kutoka Kibaha kwenda Kisarawe, mtu mwenye akili timamu anarudi njia ya Dar. Sisi tulikwenda hadi Mlandizi tukakata kushoto, tukashika barabara ya vumbi ya kuelekea Mzenga na Maneromango. Mume wangu alisema ndiyo njia ya kuiona Pwani yenyewe. Nakubali, alisema kweli.

Kwanza, maji. Mlandizi ndiko uliko mtambo wa Ruvu Juu, mmoja kati ya mitambo inayoilisha Dar es Salaam maji. Mto wenyewe unatoka milima ya Uluguru na kuingia Bahari ya Hindi upande wa Bagamoyo. Kwa hiyo ukioga asubuhi Sinza au Ubungo, inawezekana kabisa umeoga maji yaliyopita Kibaha.

Pili, reli. Kwa njia ile unakutana na reli tatu za zama tatu. Ipo Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Ipo SGR ya umeme, iliyoanza kubeba abiria wa Dar na Morogoro Juni 2024. Soga, moja ya stesheni zake, iko Kibaha hukuhuku. Na ukifika Mzenga ipo TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Mume wangu, ambaye anapenda namba kuliko wali, akanieleza kwamba upana wake haufanani: milimita 1,000, milimita 1,435 na milimita 1,067. Treni ya huku haiwezi kutembea kule.

"Kama sisi," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Oktoba, na tulicheka wote wawili.

Tulicheka mapema mno. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na mbele kidogo ya Mzenga gari letu dogo likazama kwenye tope hadi nusu ya tairi. Likagoma kabisa. Ikapita saa moja. Ndipo vijana wanne wakatokea na majembe, na nyuma yao bibi mmoja amejifunga khanga, anatuangalia kama sinema.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnakwenda wapi na kigari hicho?"

Vijana walipokuwa wanachimba, bibi akanichukua kibarazani kwake. Akanipa bada, ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi. Nimekula hoteli nyingi za bei mbaya, lakini kisamvu kile bado nakiota. Basi ulimi ukanilegea, nikamweleza habari yote, kibubu na kiwanja na begi.

Bibi ni Mzaramo, na Wazaramo kwa asili yao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Akanisimulia habari za mwali wa zamani: msichana akivunja ungo anawekwa ndani, anafundwa, na anapewa mwana hiti. Kama hukijui, mwana hiti ni kinyago kidogo cha mti, kina kichwa na kiwiliwili tu, nywele zimechongwa vizuri. Mwali anakipaka mafuta, anakitunza kama mtoto. Sanamu hizi leo zimo kwenye makumbusho ya Ulaya, wakati sisi wenyewe hatuzijui.

"Tulifundishwa kutunza kabla ya kupewa nyumba," bibi akasema. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna shoga yangu hata mmoja aliyewahi kuniuliza. "Hicho kiwanja, jina lako limo?"

"Halimo."

"Basi huna ugomvi wa safari ya Zanzibar, mjukuu wangu. Una ugomvi wa jina."

Kha! Nilikaa kimya. Kumbe wiki nzima nilikuwa napigania fukwe, wakati kinachoniuma ni ile karatasi: jina moja tu, kana kwamba mimi sikuwahi kuwepo. Na haki ya bibi ilikuwepo hata kwenye vitabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua kwamba mke au mume anaweza kuwa na mali yake mwenyewe, na mali ikiandikwa jina la mmoja inachukuliwa kwanza kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuthibitisha kwenyewe ndiyo kazi.

Tuliingia Kisarawe saa mbili usiku, tumejaa tope hadi masikioni.

Siku ya tatu: Kisarawe na msitu wake

Kisarawe iko kilimani, kama kilomita 30 tu kutoka katikati ya Dar. Miaka michache iliyopita mji huu ulisikika sana, alipokuwa mkuu wa wilaya Jokate Mwegelo, yule mshindi wa pili wa Miss Tanzania 2006, na kampeni yake ya Tokomeza Ziro mashuleni. Lakini sifa ya kudumu ya Kisarawe ni msitu.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi iko chini ya TFS. Ni sehemu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, misitu ya kale iliyobaki vipandevipande. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa kama gramu 60 tu, ambaye dunia nzima anapatikana Tanzania peke yake na yuko hatarini kutoweka. Hatukumwona, anatoka usiku. Tuliona vipepeo, mizabibu pori iliyojisokota juu ya miti, na kivuli ambacho ukikiingia unasahau kwamba Gongo la Mboto ipo jirani.

Mwongozaji wetu alitueleza jinsi msitu ulivyoumizwa na mkaa na uvamizi. Upande wa Kazimzumbwi wapo watu waliovamia hifadhi wakajenga, na baadaye wakaondolewa. Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa ameshanielewa. "Ramani ya halmashauri niliiona," akanong'ona. "Chetu kipo salama."

Chetu. Nililisikia hilo neno, ila sikusema kitu.

Tukaingia mapango ya Pugu. Haya hayakuchongwa na maji. Yalichimbwa na watu waliokuwa wanatafuta kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Ndani ni giza totoro, joto, na popo hawahesabiki. Mimi na popo hatuelewani. Nikamshika mkono bila kufikiria. Na mle gizani, ambamo hakuna anayeona uso wa mwenzake, mume wangu akasema yote.

Alisema mwenye nyumba wetu alimwambia Septemba kwamba kodi inapanda tena. Aliona aibu. Aliogopa kuniambia kwamba mwaka wa nne huu bado hajanipa nyumba. Dalali akampa siku mbili za kuamua. Alidhani akifanya kimyakimya itakuwa zawadi.

"Zawadi hainunuliwi kwa hela za anayepewa," nikamjibu.

"Najua. Jumatatu tunarudi serikali ya mtaa. Tunaandika upya, majina mawili."

Jioni tulipita Pugu Sekondari, ambako Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha hadi mwaka 1955, alipoacha kazi ili aitumikie TANU. Alikuwa amemuoa Mama Maria mwaka 1953, na nyumbani kulikuwa na watoto wadogo. Sisi tunalisoma jambo hilo kama historia ya nchi. Mimi siku ile nililisoma kama mke: mshahara umekatika, watoto wapo. Nilijiuliza Mama Maria aliambiwa lini, na kwa maneno gani.

Jumapili usiku tulirudi nyumbani. Begi nikalifungua, nikatoa nguo moja moja. Jumatatu tulikwenda Kibaha, na jina langu limo, nimeliona kwa macho yangu, na sahihi yangu ipo chini yake. Jikoni nimeshachagua: upande wa mkorosho mkubwa, upepo unakotokea.

Ila Zanzibar ni deni, na mume wangu anajua. Kibubu kipya kiko juu ya kabati. Safari hii funguo ni mbili.

Ukitaka kwenda

Siku mbili zinatosha ukipitia lami. Siku tatu kama unataka Mzenga na Maneromango. Msimu wa mvua usijaribu njia hiyo kwa gari dogo, sisi tumeshajaribu kwa niaba yako.

Msituni vaa viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu, beba maji na tochi ya mapangoni. Kuna kiingilio na waongozaji. Usiingie peke yako.

Novemba na Desemba ndiyo wakati wa embe na mabibo. Nunua kwa akina mama wa barabarani, na usipunguze bei hadi aibu.

Na kama mnanunua kiwanja huko, nendeni wote wawili. Pitieni serikali ya mtaa, pitieni idara ya ardhi ya halmashauri, hakikisheni si hifadhi. Kisha someni majina yaliyoandikwa kwenye mkataba kabla ya kusoma bei.